Maana ya waya wa ethi na kikata mvujo katika gari la kulala

Kuunganisha gari la kulala na umeme wa nje ni kuliwekea gari hilo njia ya kudumu ya kupokea umeme wa TANESCO wa volti 230 linapoegeshwa kambini au uani kwa mwenyeji, ili friji, chaji ya betri na soketi za ndani zifanye kazi usiku kucha. Kwa maelezo hayo kazi inaonekana ndogo, na ndiyo maana wengi hupitisha eksitensheni dirishani wakaridhika. Kinachotenganisha njia hiyo na uunganishaji ulio salama ni vitu viwili ambavyo majina yake husikika sana kwa mafundi lakini maana yake haielezwi vya kutosha: waya wa ethi na kikata mvujo.

Gari ni bati lililokaa juu ya mpira. Waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, ukichubuka ndani ya nyumba ya matofali, mara nyingi hugusa ukuta ambao haupitishi umeme kirahisi; ukichubuka ndani ya Hiace, hugusa bodi, na kwa kuwa matairi yanaitenga bodi hiyo na ardhi, umeme hukaa hapo kimya, bila moto wala harufu, ukisubiri njia ya kushukia. Njia hiyo huwa ni mtu wa kwanza anayesimama chini na kushika kitasa cha mlango. Waya wa ethi ni waya wa tatu, wa rangi ya kijani na njano, ambao hauna kazi yoyote siku zote ambazo mambo ni mazima. Kazi yake ni kuifunga bodi na ardhi ili umeme uliopotea upate pa kwenda kabla mtu hajafika.

Msimu mmoja wa masika, Tukuyu, ambako mvua huweza kunyesha siku nzima bila kukatika, niliitwa kutazama Hiace moja iliyogeuzwa kuwa gari la kulala. Mwenye gari alisema kitasa kilikuwa kinamtetemesha vidole, na alikuwa anadhani ni baridi tu. Nilipogusa kitasa kwa testa, taa yake iliwaka. Mwenyewe alikuwa amevaa buti za mpira kwa sababu ya tope, na sina shaka kwamba ndizo zilizomwokoa. Tulipofungua plagi ya eksitensheni yake, tuliona pini tatu kwa nje na nyaya mbili tu kwa ndani. Skrubu ya sehemu ya ethi ilikuwa inang'aa, haijawahi kukazwa juu ya waya wowote. Plagi ya pini tatu haithibitishi kuwa ethi ipo, na jambo hili ningependa kila mwenye gari la namna hii alishike.

Hata hivyo, ethi peke yake haitoshi, na hapa ndipo hata mafundi wazoefu hukosea. Nguzo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, ambako waya wa ethi huishia, inaweza kuwa na ukinzani, yaani uzuiaji wa umeme, wa omu 100 au zaidi, hasa kiangazi, kwa kuwa udongo mkavu kama wa Isimani hupitisha umeme kwa shida. Volti 230 zikigawanywa kwa omu 100 hutoa ampia 2.3. Breka ya ampia 16, ile swichi inayojikata umeme unapozidi kiwango chake, haitaona tatizo lolote, kwa kuwa kwake ampia 2.3 ni sawa na taa na televisheni. Itaendelea kuruhusu umeme huku bodi ikiwa hatari kwa kila anayeigusa. Breka imetengenezwa kuulinda waya usiungue. Haikutengenezwa kumlinda mtu.

Anayemlinda mtu ni kikata mvujo, kile kifaa chenye kitufe cha kujaribia ambacho juu yake huandikwa RCD na 30 mA. Chenyewe hakipimi wingi wa umeme. Kinalinganisha mkondo unaotoka kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa waya wa nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Gari likiwa zima, mikondo hiyo inalingana. Ikitofautiana kwa miliampia 30, maana yake kuna umeme unaopita njia nyingine, pengine ndani ya mwili wa mtu, na kifaa hukata katika sehemu ndogo ya sekunde. Ndiyo maana ethi yenye ukinzani mkubwa, isiyoweza kuangusha breka, yaani kuifanya ikate umeme, bado inatosha kabisa kukiangusha kikata mvujo. Kiwekwe ndani ya gari, karibu na mahali umeme unapoingilia, pamoja na breka inayokata nyaya zote mbili kwa mpigo, kwa sababu msafiri hajui kama fundi wa kambi anayofikia hakugeuza moto na nyutro.

Kwa kuingizia umeme, vifaa vilivyozoeleka ni plagi na soketi za bluu za ampia 16. Pini hukaa upande wa gari na matundu huwa kwenye kebo, hivyo pini iliyo wazi haiwi na umeme kamwe. Kebo yenye pini pande zote mbili ni kifo, isitengenezwe kwa dharura yoyote. Kebo iwe ya mpira, yenye nyaya tatu za milimita 2.5 za mraba, na ikunjuliwe yote, kwani ikiachwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake la kuhifadhia huku hita inawaka usiku wa Juni kule Makambako, itapata joto hadi kuyeyuka. Bodi ifungwe kwenye ethi kwa waya usiopungua milimita 4 za mraba. Wenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, waweke swichi ya chenjiova, yaani ya kuchagua chanzo kimoja tu, ili umeme wa betri na wa TANESCO visikutane. Kazi yenyewe apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, aliye na mita ya kupima ukinzani wa ardhi.

Ile Hiace ya Tukuyu tuliifunga upya: kebo ya nyaya tatu, ethi hadi kwenye bodi, kikata mvujo nyuma ya kiti cha dereva. Tulipoiwasha mara ya kwanza, kifaa kilianguka papo hapo, kikaanguka tena mara ya pili na ya tatu, hadi tulipochomoa waya wa soketi ya friji. Waya huo ulikuwa umepitishwa kwenye tundu la bati lisilo na mpira wa kuukinga, na ukingo wa bati, kwa mitikisiko ya barabara, ulikuwa umekata ganda lake hadi shaba ikaonekana kama uzi mwekundu.