Je, wajua sauti ya Mufasa ilitoka kwa mtu mwenye kigugumizi?

Mpwa wangu yuko darasa la tano, wanakaa Majengo hapa Moshi, ana kigugumizi kile cha kukwama kabisa, ukimtuma dukani anaomba umwandikie kwenye karatasi mana neno "sukari" linaweza kumgandisha pale huku watu nyuma wanasubiri. Ila mpe ngonjera sasa! Kwenye mahafali ya darasa la saba alisimama mbele ya wazazi akashusha beti nane bila kukwama hata silabi moja, mama yake machozi yanamtoka, mi nabaki kujiuliza hii inakuwaje??

Nikamkumbuka James Earl Jones, yule mwigizaji wa Marekani. Sauti ya Mufasa, yule simba mfalme kwenye katuni ya The Lion King ya 1994, ni yeye, sauti ya Darth Vader, yule adui mwenye kinyago cheusi wa Star Wars, ni yeye, na mfalme Jaffe Joffer kwenye Coming to America ya 1988, ile tuliyorudia mpaka mkanda ukachakaa, ni yeye pia. Na yule malkia wake mle ndani, Madge Sinclair, ndo huyohuyo sauti ya Sarabi, mke wa Mufasa, yaani nilivyojua hilo nilifurahi siku nzima.

Alizaliwa Mississippi 1931, akiwa mdogo akahamia Michigan kulelewa na babu na bibi, kigugumizi kikamkaba mpaka akaacha kuongea shuleni miaka kama nane hivi. Ila alikuwa anatunga mashairi. Sasa huko sekondari mwalimu wake, Donald Crouch, akaliona moja la kusifia balungi, akamwambia shairi zuri hivi sio lako, umekopi, kama ni lako kweli simama ulitoe kwa kichwa mbele ya darasa. Jamaa akasimama akalitoa lote. Hakukwama.

Kwa nini? Mtu mwenye kigugumizi anajua kabisa anachotaka kusema, kazi iko kwenye kukianzisha, ubongo utafute neno, upange sentensi, uipe pumzi na ulimi muda wao, vyote kwa mkupuo. Shairi ulilokariri maneno yapo tayari na mapigo yanauambia ulimi uingie saa ngapi, ndo mana wengi wao wakiimba kwaya hawakwami. Angalia mashairi yetu, mizani nane, pumzi, mizani nane tena, kina palepale, mtoto anajua silabi inadondokea wapi kabla hata hajafika.

Na jukwaani ni hivyohivyo, maneno yameandikwa na yamefanyiwa mazoezi mpaka yameingia mwilini. Jones akaingilia mlango huo. Mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick alimuona jukwaani akampa filamu yake ya kwanza, Dr. Strangelove ya 1964. Mwaka 1969 akachukua Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani ya Marekani, kwa kuigiza bondia kwenye The Great White Hope, mchezo ukageuzwa filamu 1970 na akatajwa kuwania Oscar, 1987 akachukua Tony nyingine kwa Fences. Darth Vader mwili ni wa David Prowse, Jones aliweka sauti tu, na filamu ya 1977 ilipotoka jina lake halikuandikwa!

Kigugumizi hakikuisha lakini. Sikiliza Mufasa anavyomwambia Simba habari za nyota, taratibu, kila neno analiweka chini kama mtu anatua ndoo ya maji kichwani isimwagike, mi naamini kabisa ule uangalifu aliupata kwenye ile miaka ya ukimya.

Alifariki Septemba 2024 akiwa na miaka 93. Nilimwekea dogo ile sehemu ya nyota kwenye simu, akairudia mara tatu, nikamhadithia na ya balungi.

"M-m-mjomba, na yeye alikuwa anakwama?"

Nikamwambia ndio, mpaka uzeeni.