Gastroparesisi: tumbo la mwenye kisukari linapochelewa kumimina chakula

Mgonjwa wa kisukari wa Mikindani anajichoma insulini saa 6 na nusu mchana, nusu saa baadaye anakula ugali wa muhogo na pweza wa nazi. Saa 8 na nusu anatetemeka, jasho linamtoka, kipimo cha sukari kinasoma 3.2 mmol/L, yaani imeshuka mno. Saa 12 jioni, bila kuongeza hata tonge, kinasoma 16. Nyumbani wataanza kumshuku kwamba kala kwa siri. Huenda hakula kitu kingine: insulini ilifika kwa wakati, chakula ndicho kilichochelewa.

Kuchelewa huko ndiko gastroparesisi. Tumbo linakawia kumimina chakula kwenye utumbo mwembamba ingawa njia haijaziba. Hilo la njia lazima lihakikishwe, kwa kawaida kwa kamera inayoingizwa kupitia mdomoni, kwa sababu kovu la kidonda cha zamani nalo huzuia chakula na tiba yake ni nyingine kabisa.

Katikati ya misuli ya tumbo kuna seli ziitwazo seli za Cajal, ambazo kazi yake ni kupiga mdundo, mara 3 hivi kwa dakika. Kila mdundo unashuka kama wimbi hadi sehemu ya chini, ambako chakula kigumu husagwa mpaka punje za milimita 1 hadi 2, kisha mlango wa chini huzipitisha kidogo kidogo. Ubongo nao hutuma amri zake kupitia neva ya vagasi. Sukari ikikaa juu kwa miaka, neva hiyo huharibika kwa namna ileile inayotia ganzi nyayo, na seli za Cajal hupungua. Mawimbi yanalegea na kukosa mpangilio.

Homoni nazo zimo. Tumbo tupu hutoa ghrelini, inayoleta njaa na kuharakisha misuli. Motilini huchochea mawimbi makali ya kufagia mabaki, kila dakika 90 hadi 120 mtu akiwa hajala. Mawimbi hayo yakikosekana, nyuzi za mboga hubaki na kujiviringa donge. Upande wa breki kuna GLP-1 kutoka kwenye utumbo, na amilini, ambayo kongosho huitoa pamoja na insulini. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana amilini ya kutosha, ndiyo maana baadhi yao, hasa miaka ya mwanzo, tumbo lao humimina haraka kupita kiasi. Na hata bila neva kuharibika, sukari iliyopanda leo hulipunguzia tumbo kasi leo hii. Kwa hiyo kabla ya kulihukumu tumbo, shusha sukari kwanza.

Dalili ni kushiba kwa matonge machache, kichefuchefu, tumbo kujaa, na kutapika chakula cha saa nyingi zilizopita kikiwa bado kinatambulika. Kipimo chenyewe ni kula mlo uliotiwa chembe kidogo za mionzi na kupigwa picha: zaidi ya asilimia 10 ikibaki tumboni baada ya saa 4, tumbo limechelewa.

Jikoni, mafuta na nyuzi ndivyo vizito. Korosho za kukaanga, tui zito, pweza mgumu na muhogo wenye uzi wake wa katikati vitakaa sana. Uji laini, samaki aliyechambuliwa na supu iliyochujwa hupita upesi zaidi. Milo midogo 5 au 6 ni bora kuliko sinia moja la jioni, na mtu asilale mara tu baada ya kula.

Saa ya kuchoma insulini ibadilishwe na daktari. Wengine huelekezwa kuchoma baada ya kula. Sukari ikishuka, usimpe andazi. Mpe maji yenye vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15.

Upande wa dawa, metoklopramidi huongeza nguvu ya mawimbi, lakini matumizi ya muda mrefu yanaweza kuleta mitikisiko ya uso isiyokoma. Domperidoni inahitaji moyo uangaliwe. Erithromaisini hufanya kazi kwa kuiga motilini, na baada ya wiki chache tumbo huizoea. Dawa za sukari za jamii ya GLP-1 huongeza breki, basi mwenye tumbo hili amwambie daktari kabla ya kuzianza.