Uchambuzi wa mwendo wa mkimbiaji: ni nini hasa kinachotazamwa

Mtu anayejiandaa kwa mbio ndefu akianza kuumwa goti, ushauri wa kwanza anaoupata kwa wenzake ni kubadilisha raba. Huenda raba zimechoka kweli, lakini swali linalopaswa kutangulia ni namna mguu wake unavyokutana na ardhi. Kila anapokanyaga, mguu hupokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake. Kwa mwenye kilo 70, hiyo ni sawa na kubeba kilo 140 hadi 210 kwa mguu mmoja, na akikimbia saa nzima kwa hatua 160 kwa dakika, tendo hilo hujirudia mara 9,600. Ndiyo maana kasoro ambayo haimsumbui mtu anapotembea huweza kumlaza nyumbani akianza kuongeza kilomita.

Maabara kubwa zina sakafu zinazopima nguvu na kamera nyingi zinazofuata vialama vilivyobandikwa mwilini, ila sehemu kubwa ya kazi yetu sisi tunaochambua mwendo inawezekana kwa simu yenye uwezo wa kupunguza kasi ya picha. Mkimbiaji apashe mwili moto kwanza, kwa dakika sita hivi, kwa sababu mtu anayejua anarekodiwa hukimbia kwa madaha mwanzoni, kisha akichoka kidogo hurudia mwendo wake halisi. Arekodiwe kwa ubavu na kwa nyuma, simu ikiwa imetulia kwenye usawa wa kiuno, na fulana iwe imechomekwa ili mstari wa kiuno uonekane.

Picha ya ubavuni husimamishwa pale unyayo unapogusa ardhi. Hapo tunatazama muundi, yaani sehemu ya mguu kati ya goti na kifundo: je, umesimama wima, au umelala kiasi kwamba unyayo umetangulia mbali mbele ya goti? Mguu uliotupwa mbele namna hiyo hufanya kazi ya breki. Hupunguza kasi ambayo misuli inalazimika kuirejesha katika hatua inayofuata, na huongeza mzigo kwenye goti. Kwa nyuma tunatazama kiuno mguu mmoja unapobeba mwili peke yake. Upande wa pili ukishuka sana, kwa kawaida misuli ya nyonga ya mguu uliokanyaga haifanyi kazi yake ipasavyo, na goti lake huelekea kuingia ndani. Soli iliyolika upande wa nje wa kisigino, ambayo wengi hutuletea kama ushahidi wa ugonjwa, ni jambo la kawaida tu.

Dawa rahisi ya mguu unaotangulia mno ni kuongeza idadi ya hatua bila kuongeza kasi. Hesabu mguu wa kulia unavyokanyaga kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa nne: ukipata 40, unapiga hatua 160 kwa dakika. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuongeza hatua kwa asilimia 5 hadi 10, kasi ikibaki ileile, hupunguza mzigo kwenye goti na nyonga. Kwa mkimbiaji wetu, hiyo ni kutoka 160 hadi 168, au 176 kwa kiwango cha juu. Ile namba ya hatua 180 kwa dakika inayotajwa kama sheria ilitokana na kocha Jack Daniels, aliyehesabu hatua za wakimbiaji wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Wale walikuwa mashindanoni, tena kwa kasi kubwa. Hatua hutegemea kasi na urefu wa miguu, hivyo hakuna sababu ya mtu wa mazoezi ya asubuhi kujilazimisha kuifikia.

Kuhusu kukanyaga kwa kisigino au kwa sehemu ya mbele ya unyayo, mjadala umekuwa mkali kuliko ushahidi wenyewe. Mwaka 2010 mtafiti Daniel Lieberman na wenzake walieleza kwamba wakimbiaji wa Kenya waliokua wakikimbia peku mara nyingi hutanguliza sehemu ya mbele, na watu wengi wakaanza kuiga. Miaka mitatu baadaye, watafiti waliowapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao hutembea peku, walikuta wengi wao wakitanguliza kisigino kwa kasi ya kawaida. Kuhamia mbele hupunguza kazi ya goti, lakini kazi hiyo haipotei: huhamia kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino.

Kwa sababu hiyo, asiye na maumivu hatumbadilishi ili tu apendeze. Haile Gebrselassie, mkimbiaji wa Ethiopia, alikimbia miaka yote mkono wake wa kushoto ukiwa umejikunja kwa namna ya pekee, na mwaka 2008 aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin kwa saa 2:03:59. Mwili uliozoea mwendo wake kwa miaka mingi mara nyingi tayari umejipatia njia ya kutumia oksijeni kidogo.

Panapostahili mabadiliko, libadilishwe jambo moja kwa wakati, kwa vipindi vifupi ndani ya mazoezi mepesi, na kilomita za wiki zipunguzwe hadi mwili uzoee. Maumivu yaliyokaa sehemu moja ya mfupa, yanayouma ukibonyeza kwa kidole au yanayoendelea usiku ukiwa umepumzika, yasisubiri video yoyote: huenda mfupa umeanza kupata ufa, na mgonjwa aache kukimbia amwone daktari.