"Bei njoo DM" na dhana nyingine zinazokwamisha maduka ya mtandaoni

Hivi karibuni nilimaliza kumwekea dada mmoja wa Kariakoo duka lake la mtandaoni. Anauza viatu vya kike na vya watoto Mtaa wa Kongo, na kazi yake anaijua. Picha tulipiga pamoja, malipo tukaunganisha, usafirishaji tukaupanga. Siku ya kumkabidhi akaniambia, "Kaka, hizo bei tuzitoe. Weka tu 'bei njoo DM'."

Yaani bei isiandikwe, mteja aiulize kwa ujumbe wa faragha. Nafanya kazi hii kila siku na maneno hayo nimeyasikia mpaka yamenichosha. Safari hii nayajibu kwa urefu, ili atakayeniambia tena nimtumie haya.

Dhana: ukificha bei, mteja atalazimika kuongea na wewe, na akishaongea atanunua.

Halazimiki. Anapita kwenda kwa mwingine.

Nilimwomba dada simu yake. Ilikuwa asubuhi, ndiyo kwanza amefungua fremu. Ujumbe wa tangu jana usiku ulikuwa umejipanga haujasomwa, na mwingi ulikuwa wa neno moja: "Bei?" Mama mmoja alikuwa ametuma, saa tatu na nusu usiku, picha ya viatu vyeusi vya shule, namba 34. Ameuliza bei, ameuliza kama anaweza kutumiwa Morogoro. Baada ya dakika ishirini akaandika, "Dada upo?" Saa moja asubuhi: "Basi nimeshapata." Mama huyo alikuwa na pesa, namba ya kiatu alikuwa nayo, na mzigo uende wapi alishajua. Alichokosa ni tarakimu tano chini ya picha.

Duka la mtandaoni linaishinda fremu kwa jambo moja kubwa: halifungwi. Mzazi ananunua akishalaza watoto, mfanyakazi ananunua akiwa kwenye daladala. Ukificha bei umelishusha shata mwenyewe, na kila saa unayolala duka nalo limelala.

Sababu ninazopewa nazijua zote. "Washindani wataona bei yangu." Mshindani wako yuko fremu ya tatu kutoka kwako. Akitaka bei yako anamtuma kijana aulize kama mteja, na anaipata papo hapo. Anayefichwa hapo ni mteja wa Songea peke yake.

"Dola inapanda, bei zinabadilika." Kubadilisha bei kwenye mfumo ni kazi ya dakika moja. Kuwajibu watu hamsini bei ileile, mmoja mmoja, kunakula siku nzima. Kama kila mzigo unaingia na gharama yake, andika kwamba bei hii ni ya mzigo uliopo, ukiisha itabadilika. Watu wanaelewa.

"Wateja wetu wanapenda kupatana." Hii ni kweli na sikuambii uache. Lakini mtu hupatana kuanzia kwenye bei, na usipomtajia bei umemnyima pa kuanzia. Kariakoo yenyewe ina utaratibu wake wa siku zote: jozi moja bei yake, kuanzia jozi sita bei yake, dazeni bei yake. Weka ngazi hizo tatu chini ya kila picha. Anayetaka rejareja atalipa, anayetaka jumla atapiga simu, na huyo wa jumla ndiye anayestahili muda wako wa maongezi.

"Bei kubwa itawakimbiza." Asiyeweza ataondoka hata ukimtajia pembeni, na utakuwa umeshatumia robo saa kumkaribisha. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawataki kulisikia: mteja akikuta picha haina bei, anahisi kwamba atatajiwa bei kulingana na anavyoonekana. Hajakosea. Nimewaona wauzaji kwa macho yangu wakifungua kwanza picha ya mteja, wakaangalia amevaa nini na amesimama wapi, ndipo wakataja bei. Mteja aliyewahi kufanyiwa hivyo harudi, na hakuambii kwa nini.

"Watu wakiandika 'bei?' kwenye komenti, posti inasambaa." Inaweza kusambaa. Wewe hesabu waliolipa.

Isitoshe, mitambo nayo inahitaji bei. Ukitaka bidhaa zako zionekane kwenye orodha za bidhaa za Google kupitia Merchant Center, yaani huduma yake ya kuwasilishia bidhaa za duka lako, bei ni taarifa ya lazima, na lazima ilingane na iliyoandikwa kwenye ukurasa wako. Zikitofautiana, bidhaa inaweza kukataliwa. Katalogi ya WhatsApp Business inakuruhusu kuacha nafasi ya bei tupu. Nakuomba usiiache.

Na bei isiyo na nauli haijakamilika. Andika bodaboda ni kiasi gani kwa kila eneo la Dar, mzigo wa basi mikoani ni kiasi gani, na unaupeleka stendi saa ngapi. Mteja wa Mbeya anataka kujua kama mzigo ukipakiwa Mbezi jioni hii, kesho ataenda kuuchukua. Ukishaukabidhi, mtumie picha ya risiti ya basi yenye namba ya gari na simu ya wakala. Kwa mtu aliyelipa bila kukuona, picha hiyo ndiyo itakayomfanya aagize mara ya pili.

Wauza viatu nina neno lao la ziada, na hili huwa silegezi. Namba peke yake haitoshi. Kutoka namba moja ya Ulaya hadi inayofuata ni theluthi mbili tu za sentimita, na viwanda havilingani katika kuzipima. Chukua rula, pima soli ya ndani, andika urefu kwa sentimita, kisha piga picha rula ikiwa imelala juu ya soli. Mwelekeze mama amkanyagishe mtoto karatasi, kisigino kikigusa ukuta, achore mwisho wa kidole, apime. Jozi moja ikirudishwa kutoka Tabora kwa sababu imebana, faida yako yote imeishia kwenye basi.

Dhana: nina wafuasi wengi Instagram, tovuti ya nini?

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takribani saa sita. Aliyekuwa anauza huko tu hakuwa na duka siku hiyo. Bado hatujazungumzia akaunti kuibiwa, jambo ambalo linawakuta watu kila siku. Endelea kutangaza Instagram, lakini kuwa na pako, na uwe na namba za simu za wateja wako walioridhia kuhifadhiwa. Ridhaa hiyo iombe kweli: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023.

Dhana: kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, anakishughulikia kijana aliyenitengenezea.

Hili linaniuma. Niliwahi kumpokea mteja ambaye jina la duka lake lilikuwa limechapwa mpaka kwenye mifuko, kumbe kikoa kimesajiliwa kwa jina na barua pepe ya fundi. Fundi akabadilisha namba, mwaka ukaisha, ada haikulipwa, tovuti ikazimika. Tulianza upya na jina jingine na mifuko mingine. Iwe .co.tz au .com, mwenye kikoa ni yule aliyeandikwa kwenye usajili. Andika jina lako, barua pepe yako na simu yako. Fundi mpe ruhusa ya kuingia na kufanya kazi, umiliki ubaki kwako. Wateja wangu wengine huniambia, "Wewe weka tu la kwako, nakuamini." Nakataa.

Dhana: lazima nianze na malipo ya kadi.

Hapana. Wateja wako wana M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa. Lipa Namba inatosha kuanzia. Oda zikishakuwa nyingi, ndipo uunganishe kampuni ya kukusanya malipo. Hapo utaombwa TIN, leseni ya biashara na cheti cha usajili wa biashara kutoka BRELA, na wale wanaoamini kwamba biashara ya mtandaoni haiwahusu TRA ndipo wanapokwama. Kodi unadaiwa kwa mauzo, popote ulipouzia.

Na tafadhali, picha ya skrini ya muamala isikutoshe. Ujumbe wa malipo unaghushiwa. Angalia salio lako mwenyewe kabla mzigo haujapanda pikipiki.

Dhana: tovuti ikiwa hewani, wateja watamiminika.

Hawatamiminika. Wiki za kwanza watakaonunua ni wateja wako wa zamani, kama umewaambia. Chapa anwani ya duka kwenye mifuko, ibandike kaunta, iweke kwenye status ya WhatsApp kila asubuhi.

Yule dada wa Mtaa wa Kongo tulikubaliana hivi: viatu vya shule bei zibaki, vya kike vikae na "njoo DM" yake hadi mwisho wa mwezi, kisha tulinganishe mauzo. Juzi usiku, saa tano na dakika kumi, kuna mtu wa Dodoma alinunua na kulipia jozi mbili za namba 36 dada akiwa amelala. Asubuhi alinipigia kuniuliza mzigo uwahi basi la saa ngapi.