Mjomba Aliyepotea Njiani: Chimbuko la Maneno ya Ukoo Skandinavia

Katika miaka yangu ya kusoma isimu historia, maneno machache yamenivutia kama moster na faster ya Kiswidi. La kwanza ni dada wa mama, la pili ni dada wa baba, na kila moja lilikuwa maneno mawili ambayo vinywa vya watu viliyasaga hadi yakawa moja. Katika Kinorsi cha Kale, lugha mama ya lugha za Skandinavia, bado yalitamkwa kwa ukamilifu: móðursystir na föðursystir. Vivyo hivyo, Mswidi akimtaja babu yake hana budi kueleza ni wa upande upi, kwa kuwa farfar ni baba wa baba na morfar ni baba wa mama. Msomaji aliyelelewa akijua kwamba shangazi si mama mdogo hatashangazwa na mpango huo.

Nchini Denmark maneno hayo ya kale yangali hai, lakini yanashindana na onkel na tante, ambayo nchini Norwei yameenea zaidi. Haya yalitoka Kifaransa yakipitia Kijerumani, na hapa ndipo penye jambo ninalotaka lieleweke vizuri. Kifaransa oncle kinatokana na Kilatini avunculus, yaani "babu mdogo", neno lililomhusu kaka wa mama peke yake; kaka wa baba aliitwa patruus. Tante nalo linatokana na amita, dada wa baba. Kwa hiyo onkel alikuwa mjomba halisi na tante alikuwa shangazi halisi, ila Kifaransa kiliacha kutofautisha pande mbili, na watu wa kaskazini wakayapokea maneno yakiwa yamekwisha kupoteza upande wake.

Fætter ya Kidenmark, binamu wa kiume, ilitoka Kijerumani cha Chini, lugha ya wafanyabiashara wa Hansa (muungano wa kale wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya), na hapo awali ilimaanisha kaka wa baba. Neno lilishuka kutoka kwa ami hadi kwa mwanawe. Sisi tulichukua Kiarabu cha "mwana wa ami" kikiwa kizima, tukapata binamu.

Waaisilandi wana frændi, ndugu yeyote wa kiume, awe mjomba, binamu au mpwa. Asili yake ni kitenzi cha kupenda: frændi ni "apendaye". Wajerumani, kwa neno lilo hilo, Freund, humwita rafiki.