Kadi ya mlango hainakiliwi mpaka iibiwe? Si kweli

Wengi Mwanza huamini kadi ya mlango ni salama maadamu iko mfukoni. Kadi ya mlango ya aina ya EM4100, inayotumia mawimbi ya redio ya kilohezi 125, haina betri wala siri: kisomaji kikiipa nguvu, inataja namba ileile kwa yeyote. Kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, mtu mwenye kisomaji sentimita chache kutoka mfukoni mwako anaidaka namba hiyo na kuiandika kwenye kadi tupu ya aina ya T5577 kwa sekunde chache. Chipu iliyopandikizwa mkononi yenye namba kama hiyo ina udhaifu uleule, na kuitoa ni kupasuliwa ngozi.

Dai kadi ya aina ya DESFire EV2 au EV3, ambayo huhakikiwa kwa ufunguo wa siri uliomo ndani yake. Fundi abadilishe funguo hizo za siri zilizowekwa kiwandani. Kisomaji kikibaki kusoma namba ya utambulisho tu, bila kuhakiki ufunguo, pesa imekwenda bure.