Mwaka ulioandikwa juu ya mlango

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuchunguza makanisa ya zamani, swali la kwanza ni lile lile: "Kanisa letu lilijengwa mwaka gani?" Mara nyingi anayeuliza jibu analo tayari, kwa kuwa limechongwa kwenye jiwe juu ya mlango mkubwa. Anachotaka ni nimkubalie tu. Hapo ndipo huwa namharibia siku.

Mwaka ule si uongo. Ila ni mwaka wa kitu kimoja, na kanisa ni vitu vingi. Jiwe la msingi lina mwaka wake, misa ya kwanza ina wake, kutabarukiwa, yaani kuwekwa wakfu, kuna wake, na mnara wa kengele huenda ulisimama wakati waliochimba msingi wameshazikwa wote pamoja na wajukuu zao. Chukua kanisa kuu la Cologne, Ujerumani. Jiwe la msingi liliwekwa 1248. Sehemu ya altare ikatabarukiwa 1322. Katika karne ya 16 kazi ikasimama kabisa, na kreni ya mbao ikabaki juu ya mnara usiokwisha kwa karne kadhaa, watu wakazaliwa na kufa wakiiona pale kama sehemu ya mji. Minara ilikamilika 1880. Haya, niambie lilijengwa mwaka gani.

Kanisa la parokia si kubwa hivyo, lakini tabia ni ile ile, na lina shida moja zaidi: fedha huja kwa vipande. Mavuno yakiwa mazuri wanajenga ukuta, yakiwa mabaya wanaezeka kwa chochote kilichopo.

Mara nyingi walianzia upande wa altare. Sababu haina fumbo: misa haiwezi kuadhimishwa bila altare, lakini waamini wanaweza kusimama kwenye mvua. Wakishamaliza pale wanaziba kwa ukuta wa muda, wanaanza kusali, kisha wanaendelea polepole kuelekea mlangoni kadiri mfuko unavyoruhusu. Mnara huwa wa mwisho, na kuna parokia ambazo haukufika kamwe. Kwa hiyo mimi nikiingia kwenye kanisa nisilolijua, sitazami vioo vya rangi wala sanamu. Natoka nje, nazunguka ukuta, na natafuta mshono.

Mshono ni hivi. Mwashi anayejenga ukuta kwa mkupuo mmoja hupishanisha mawe, jiwe la juu likilala juu ya maungio ya mawili ya chini, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana. Akija mwashi mwingine miaka hamsini baadaye na kuunganisha ukuta mpya na wa zamani, ni nadra ajisumbue kung'oa mawe ili yafumbatane. Anayaegemeza tu. Matokeo yake ni mstari wima, ulionyooka, kutoka ardhini hadi kwenye ukingo wa paa. Upande huu wa mstari ni baba, upande ule ni mtoto. Ukitaka kujua nani ni nani, tazama mawe ya kona: yale makubwa yaliyochongwa vizuri huwekwa kwenye pembe za jengo. Ukiyakuta yamepangwa katikati ya ukuta, jua kwamba hapo palikuwa mwisho wa kanisa wakati fulani.

Nilipata somo zuri la haya kwenye kanisa moja dogo ambalo lina kibao cha shaba kinachosema lote lilijengwa mwaka mmoja, ule ule uliochongwa juu ya mlango wake mkubwa. Paroko alinipokea vizuri, akanionyesha kibao, akasema kwa furaha, "Kazi yako nimeirahisisha." Nikamwomba ngazi na tochi.

Kwenye uso wa mnara, upande unaotazamana na paa, kulikuwa na mstari wa mawe yaliyochomoza kidogo, umepanda na kushuka kama herufi V iliyopinduliwa. Ile ni alama ya paa la zamani. Paa lilipoegemezwa mnarani, mafundi waliweka mawe yale yafukuze maji yasipenye kwenye maungio; paa likaondoka, mawe yakabaki. Alama ilikuwa juu zaidi ya paa la sasa, tena yenye mwinuko mkali. Maana yake paa lililopo si la kwanza, na la kwanza lilikuwa refu zaidi. Pengine liliungua, pengine lilioza. Mafundi waliokuja baadaye walilaza kenchi zao chini kuokoa mbao.

Ndani, karibu na dirisha pana la upande wa kusini, nilikuta kitu kidogo ambacho bado nakipenda. Kanisa linapotabarukiwa kwa ibada kamili, kwa desturi askofu hupaka krisma, yaani mafuta matakatifu, ukutani katika sehemu kumi na mbili, na kila moja huwekewa msalaba, na mshumaa wake. Kwenye makanisa ya zamani misalaba hiyo ilichorwa ndani ya duara, au ilichongwa. Hapa nilihesabu kumi mizima. Wa kumi na moja ulikuwa nusu: nusu ya kushoto ipo, rangi nyekundu imefifia lakini duara linasomeka, nusu ya kulia imekatwa na fremu ya dirisha. Hakuna askofu anayepaka krisma kwenye nusu ya msalaba. Dirisha lilitobolewa baadaye, na aliyelitoboa ama hakuujua msalaba ule kwa sababu ulishafunikwa kwa chokaa, ama aliuona na akaendelea na kazi. Paroko aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Na mimi nimesali hapa miaka yote hii."

Mabadiliko mengi ndani ya kanisa hayatokani na ufundi wala fedha. Yanatokana na ibada yenyewe. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, uliagiza Ekaristi na krisma vitunzwe chini ya kufuli, na ukiona kikabati cha mawe kilichopachikwa ukutani karibu na altare, chenye matundu ya bawaba za zamani, unaona namna mojawapo ambayo parokia zilitii. Mtaguso wa Trento, uliokutana kwa vipindi kati ya 1545 na 1563, ulitikisa zaidi. Mahubiri yakapewa uzito, altare ikatakiwa ionekane. Kanisa la Gesù la Wajesuti mjini Roma, lililoanza 1568 na kutabarukiwa 1584, likawa kama kielelezo: ukumbi mmoja mpana, hakuna msitu wa nguzo kati ya mwamini na altare, na vikanisa vidogo pembeni. Parokia ambazo hazikuweza kujenga upya zilibomoa tu kilichozuia macho. Ule ukuta wa mbao au mawe uliokuwa ukitenga waamini na altare uliondolewa karibu kila mahali, na leo unaujua kwa matundu mawili ya boriti yaliyozibwa, yakitazamana kwenye nguzo za tao la altare. Na Karolo Boromeo, askofu mkuu wa Milano, alitoa mwaka 1577 maelekezo ya ujenzi yanayogusa hadi kitubio, mahali pa kuungamia, kiweje na kikae wapi.

Trento ilitusaidia sisi watafiti kwa njia nyingine. Iliwataka maaskofu watembelee parokia zao kila mwaka au angalau ndani ya miaka miwili, na mwaka 1562 ikaweka wazi kwamba makanisa ya parokia yanayoanguka yakarabatiwe, na kama mapato hayatoshi waamini wachangishwe. Taarifa za ziara hizo ni dhahabu. Ni orodha za malalamiko: paa linavuja, sakafu imebonyea, mlango wa sakristia haufungi. Mtu akisifia kanisa simwamini sana. Akilalamikia mvua ndani ya kanisa, namwamini.

Wimbi la mwisho ni la juzi. Konstitusio ya Liturujia, hati kuhusu ibada, ilipitishwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano tarehe 4 Desemba 1963, na maelekezo ya Septemba 1964 yakasema ni vema altare kuu itengwe na ukuta ili padre aweze kuizunguka na kuadhimisha akiwatazama watu. Ndani ya miaka michache altare zikasogezwa mbele ulimwenguni kote. Tazama sakafu: vigae vyenye rangi tofauti, mstatili usio na maana, ngazi inayoishia hewani. Pale ndipo ilipokuwa. Kuna mahali kazi ilifanywa kwa heshima, na kuna mahali ilifanywa kwa nyundo kubwa.

Sasa nije kwenye chokaa, kwa sababu hapa nina neno la kusema.

Kuta za zamani zilishikwa kwa chokaa. Unachoma mawe ya chokaa kwenye tanuri hadi joto la kama nyuzi 900, unapata kitu cheupe chepesi. Ukikimwagia maji kinafoka na kutoa joto kali, ndiyo kuzima chokaa. Ukichanganya na mchanga na kujengea, polepole inavuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Huchukua miaka. Uzuri wake ni kwamba ni laini kuliko mawe yanayoizunguka, na inapumua: maji yakiingia ukutani hutokea kwenye maungio. Ukuta unaweza kusogea kidogo bila kupasuka.

Saruji ya Portland ilipewa hataza na Joseph Aspdin, Mwingereza, mwaka 1824. Kwa hiyo ukiikuta kwenye ukuta, hapo paliguswa baada ya mwaka huo, na kwa upimaji umri huo ni msaada. Kwa ukuta ni balaa. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri. Maji yakinaswa nyuma yake hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe, na jiwe linaanza kumomonyoka kama mkate mkavu huku saruji ikisimama imara na kung'aa. Watu husema, "Tazama, saruji yetu nzuri, ila mawe ya zamani yalikuwa mabovu." Kanisa ninalolisimulia lilikuwa limepigwa lipu ya saruji nje, kimo cha kiuno kuzunguka jengo zima. Aliyefanya hivyo alilipwa, na ndani chumvi ikaanza kuchanua ukutani nyuma ya benchi.

Mbao za paa nazo husema, tena kwa usahihi kuliko mtu. Mti huongeza pete moja kila mwaka, nyembamba mwaka wa ukame, nene mwaka wa mvua, na mpangilio huo haujirudii. Mmarekani A. E. Douglass ndiye aliyeijenga elimu hii mwanzoni mwa karne ya 20. Boriti ya mwaloni ikiwa bado na pete zake za nje kabisa, chini ya gome, unaweza kutaja mwaka mti ulipokatwa, na kwa kuwa maseremala wa zamani walipenda mwaloni mbichi, paa halikuchelewa sana baada ya hapo. Angalizo ni moja: boriti yenye matundu ya viungo ambayo hayashiki chochote imetoka jengo lingine. Mbao zilikuwa ghali, hazikutupwa.

Na ukidhani ukuta ndio mwisho, kuna chini. San Clemente, Roma, kwa karne nyingi ilichukuliwa kuwa ndilo kanisa lile la karne ya 4 linalotajwa kwenye maandiko ya kale. Mwaka 1857 Padre Joseph Mullooly, Mdominikani kutoka Ireland, akaanza kuchimba, akalikuta kanisa la karne ya 4 likiwa chini ya sakafu, limejazwa kifusi. Lile la juu ni la karne ya 12. Na chini ya la kale kuna majengo ya Kirumi zaidi, pamoja na chumba cha ibada ya Mithra, mungu aliyeabudiwa na Warumi wa kale. Jina lilipanda ghorofa, jengo likabaki chini.

Kwenye kanisa letu dogo hatukuchimba. Tulibandua tu ile saruji, kwa patasi na uvumilivu, siku kumi na mbili. Upande wa kaskazini, nyuma ya lipu, ukatokea mlango uliozibwa: linta ya jiwe, mawe ya kuzibia yaliyopangwa ovyo, na chini kizingiti kilicholika katikati kama sahani kwa nyayo za watu. Chokaa ya kuzibia ilikuwa na mchanga mweusi na punje za mkaa wa tanuri. Nilikwenda nayo kiganjani hadi mlango mkubwa wa mbele, nikakwangua kidogo nyuma ya fremu. Mchanga mweusi, punje za mkaa. Mwaka uliochongwa juu ya mlango ule ulikuwa wa mlango kweli: ndio mwaka waliouziba wa zamani na kuanza kuingilia mbele. Paroko aliinama, akaweka kiatu chake kwenye lile bonde la kizingiti, kikaenea.